Chupa ya Kusindikiza

Nimekaa kwenye dirisha la stoo ya maabara ya maji miaka kumi na tisa, na watu nimewajua kwa vitu wanavyoomba. Kuna anayeomba kalamu kila wiki, utadhani anazitafuna. Kuna mkuu wetu wa maabara, ambaye yeye haombi, anatuma. Na kulikuwa na mwanamke mmoja aliyemaliza boksi zima la glavu kabla wenzake hawajafungua la kwao. Nikamwita Bi Glavu, kwa utani tu, jina likamganda mpaka wageni wakaanza kumwulizia getini kwa jina hilo. Hakuchukia. "Afadhali langu," aliniambia, "kuliko la yule unayemwita Tumbo Kwanza."

Kazi yake ilikuwa kutafuta fedha baharini. Fedha ya pete na mikufu nasema, maana nawajua mlivyo wepesi wa kurukia mambo. Siku hizi wanaisaga na kuitia kwenye soksi ili zisinuke, kwenye rangi za ukuta, kwenye dawa za kufulia. Wanaisaga ndogo kiasi kwamba ukichukua unywele mmoja ukaupasua vipande elfu moja, bado kila kipande kitakuwa kikubwa kuliko chembe hiyo. Vitu hivyo vikifuliwa, maji yanaingia mtaroni, mtaro unamwaga baharini, na huko chembe zinaua vijidudu ambavyo ndivyo chakula cha samaki wachanga. Macho hayazioni, pua hainusi. Inayoziona ni mashine moja iliyoko chumba cha mwisho cha korido. Inavuta maji tone kwa tone, inayaunguza kwenye mwali mkali, na kila chembe ikiungua inachora mshale mmoja kwenye skrini. Mishale mingi, maji yameingiliwa. Mstari ukitulia, salama.

Mashine ile ina madeko kuliko bibi harusi. Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi ikigandia mdomo wake inaanza kuchora ovyo. Bi Glavu alikuwa akiyazimua maji yale kwa maji safi, akiufungua mdomo, akiusugua, akiurudisha, siku nzima, amesimama. Ni yeye peke yake aliyeiweza. Wengine walipelekwa mafunzoni, wakarudi na vyeti, wakaomba uhamisho.

Nyumbani alikuwa na mama mkwe. Watu huuliza hapo hapo: na mume? Mume aliondoka miaka kumi na moja nyuma kwenda kutafuta maisha, akayapata, na mke mwingine ndani yake. Alichoacha ni kabati la nguo na mama yake mzazi. Mawifi wapo, wana nyumba kubwa na midomo mikubwa zaidi, lakini kila mmoja alikuwa na sababu. Basi wanawake wawili ambao hawakuzaliwa pamoja wakabaki kwenye vyumba viwili, ghorofa ya tatu, mmoja akimwomba mwenzake radhi kila asubuhi kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. "Mama," Bi Glavu alikuwa akimwambia, "ukimtaja tena leo, mguu utajiosha mwenyewe."

Mguu ndio ulikuwa shughuli. Bibi alikuwa na kisukari, na juu ya kifundo cha mguu kulikuwa na kidonda cha miaka miwili, upana wa kiganja cha mtoto, kilichokataa kufunga. Kila alfajiri kabla ya kazi Bi Glavu alikiosha, akakipaka dawa, akakifunga bandeji. Saa nne tulikuwa tunakunywa chai pamoja chini ya ngazi, mimi kwenye kreti yangu na yeye kwenye ndoo iliyogeuzwa, na hapo ndipo nilipopata habari za mguu, za ngazi zisizo na taa, za jirani anayepiga nyundo Jumapili. Nilijua kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyekuwa anaongea naye. Nilijua kwa sababu Jumatatu alikuwa anakuja na maneno ya Jumamosi na Jumapili yote, yamembana, hata chai inapoa hajaigusa. Wakati mwingine alinichosha, nakiri.

Sasa niwaeleze habari ya chupa, maana bila hiyo hamtaelewa kosa.

Mtu akienda kuchota maji ya kupimwa habebi chupa tupu pekee. Kati ya zile za kuchotea anaweka chupa moja yenye maji safi kabisa kutoka maabara. Chupa hiyo inapanda gari, inapanda boti, inafunguliwa kule kule upepo uipige, inafungwa, inarudi bila kuchotewa kitu. Sisi tunaiita chupa ya kusindikiza. Kazi yake ni kushuhudia. Ikirudi na uchafu, basi uchafu umeingia njiani, na sampuli zako zote ni za kumwaga. Bi Glavu hakuwahi kwenda baharini bila hiyo chupa. Wachotaji wengine waliiona mzigo. Yeye aliifuta na kuikagua kabla ya zote.

Kasha letu la barafu linachukua chupa kumi na mbili, basi. Kumi na moja za vituo vya ghuba, na ya kusindikiza. Mwaka ule mkuu akaongeza kituo kimoja, mbele ya bomba la kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, kwa sababu kulikuwa na malalamiko. Vituo vikawa kumi na viwili. Akasema, "Acha hiyo ya kusindikiza. Miaka yote imekuwa ikirudi safi, inatusaidia nini?" Na Bi Glavu, ambaye angegombana na mtu kwa kugusa kizibo cha chupa bila glavu, akakubali. Baadaye aliniambia alikuwa amechoka, mama mkwe alikuwa na homa wiki ile, hakuwa na nguvu za kubishana. Mara moja tu katika maisha yake ya kazi alisema "haya, sawa".

Majibu yakatoka na fedha. Chupa zote kumi na mbili, mishale imesimama kwenye skrini kama nywele za mtu aliyeshtuka. Ghuba nzima hapakuwa na mtu mwingine anayejulikana kutumia dawa ya fedha ila kile kiwanda. Wanaitia kwenye maji ya mwisho ili mashuka yasibebe vijidudu. Mkuu akafurahi, wakubwa wake wakafurahi. Bi Glavu akaitwa ofisi ya juu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akapewa kiti na soda, akaambiwa amefanya kazi ya kujivunia. Alipotoka huko alikuja moja kwa moja dirishani kwangu kuniambia. Alikuwa anacheka, na mkono ameuweka kifuani.

Mimi nikafunga dirisha.

Mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja, anapiga pasi kwenye kiwanda kile. Wanawake thelathini na saba wako pale, wengi wao ndio baba na ndio mama wa nyumba zao. Asubuhi ile walikuwa wamesomewa barua: kikao baada ya wiki tatu, na kama kipimo kitasimama, mlango unafungwa. Mdogo wangu alinipigia simu akilia hata sikusikia maneno. Na mimi, mtu mzima, badala ya kumchukia anayemwaga, nikamchukia anayepima. Nilimnunia Bi Glavu wiki tatu kamili. Saa nne ilipofika nilijifanya nina kazi. Nikipita chini ya ngazi namwona kwenye ndoo yake, amekishika kikombe, anatazama kreti. Siku za mwanzo alikuwa na cha pili cha kwangu. Kisha akawa anakuja na kimoja.

Yaliyotokea ndani ya wiki hizo nimeyaunganisha baadaye, mengine kutoka kwake, mengine kutoka kwenye daftari lake la kazi, ambamo aliandika kila kitu, hata kikohozi. Kilichomkera ni kituo cha tisa. Kituo cha tisa kiko nje kabisa, nyuma ya miamba, ambako maji yanaingia kutoka bahari kuu na hakuna bomba la mtu. Chupa yake ilikuwa na fedha karibu sawa na ya mbele ya kiwanda. Alimwuliza mkuu. Mkuu akasema mikondo ya maji. Yeye akaandika daftarini: "Mkondo hausambazi kitu bila kukipunguza." Chini yake, kwa wino mwingine: "Labda mimi."

Akaja dirishani na fomu ya kuombea vifaa. Chupa moja. Kwenye nafasi ya matumizi aliandika: kusindikiza. Nikaitazama, nikaitoa chupa, nikaisukuma bila kumwangalia usoni.

"Ahsante," akasema.

Nikageukia rafu zangu. Akasimama kidogo, nadhani alitaka kuongeza neno, kisha akaenda.

Aliijaza maji safi, akaipeleka nyumbani. Lazima mjue kwamba siku za kuchota maji dereva humfuata kwake alfajiri, kwa kuwa geti la maabara hufunguliwa saa mbili na bahari haimsubiri mlinzi. Kwa hiyo kasha hulala kwake. Alfajiri anafunga kidonda, ananawa, anavaa glavu mpya, anazikagua chupa moja moja mezani, anafungua, anamimina maji ya kulindia, yale ya kuzuia sampuli isiharibike, anafunga. Alfajiri hiyo alifanya vile vile, hakuongeza wala kupunguza. Akaifungua chupa mezani kwake, akaifunga, akapanda nayo basi, akaipeleka kwenye mashine.

Ilijaa fedha.

Miezi minne nyuma, baada ya safari ya mwisho iliyorudi na chupa safi, muuguzi wa zahanati alikuwa amembadilishia bibi dawa. Akampa jeli ya kijivu kwenye kikopo kisicho na maandishi, amepunguza kutoka kopo kubwa, akisema hii ndiyo mpya, ijaribuni. Nayo ikafanya kazi. Kidonda kikaanza kusogeza kingo zake kwa mara ya kwanza. Bi Glavu alikwenda zahanati akaomba kuliona kopo kubwa. Lilikuwa limeandikwa waziwazi: chembe ndogo za fedha. Akachukua jeli kidogo kama punje ya mchele, akaipima. Ukubwa ule ule, mishale ile ile. Ilikuwa kwenye nywele zake, kwenye mikono ya gauni, kwenye meza, kwenye kitasa cha mlango, na kila alipovuta glavu mpya kwa vidole vilivyonawa sabuni mara tatu, aliibandika kwa nje. Mwanamke aliyeogopa uchafu kuliko wote katika jengo lile ndiye aliyekuwa ameubeba.

Mkuu alipoambiwa alifunga mlango. Nasikia alimsihi kwa sauti ya chini. Kikao ni keshokutwa, alimwambia, na kiwanda kile kinamwaga, wewe unajua na mimi najua, tatizo ni kwamba hatujashika mkono wao. Nani atajua habari ya jeli? Bi Glavu akamjibu, "Mimi nitajua, Mkuu." Akaambiwa afikirie vizuri, maana mtu anayeharibu kipimo cha namna hiyo hawezi kurudishwa kwenye mashine kesho yake kana kwamba amemwaga chai. Akasema amefikiria.

Kwenye kikao nilikuwepo, nimekaa na mdogo wangu na wenzake nyuma. Bi Glavu akasimama na daftari. Alikuwa amevaa gauni jipya, lina mkunjo wa dukani bado, nadhani alinunua kwa ajili ya siku ile ili asibebe kitu. Akasema majibu ya maabara hayafai, na kosa ni lake. Wakili wa kiwanda hakuamini bahati yake.

"Kwa hiyo fedha yote hii," akauliza, akitugeukia sisi, "ni dawa ya kidonda cha mama mkwe wako?"

"Ndiyo."

Ukumbi ukacheka. Mdogo wangu alicheka, mimi pia nilicheka, kwa furaha ya kwamba mlango wa kiwanda haufungwi. Yeye akasubiri tumalize, akaendelea kusoma namba za chupa, moja mpaka kumi na mbili, na sababu ya kila moja kutupwa. Mwisho akasema kutojua si sawa na kuwa safi, na kwamba ghuba inapaswa kupimwa upya. Sidhani kama kuna aliyemsikiliza. Wanawake walikuwa wamesimama wanakumbatiana. Nilipoinuka nikamwona anatoka kwa mlango wa pembeni, amelibana daftari kwapani, na watu wanampisha kama wanavyompisha mtu mwenye ndoo ya maji.

Baada ya hapo alihamishiwa masjala, kupanga majalada. Hasira yangu ilikuwa imekwisha siku ile ile, lakini aibu ikachukua nafasi yake, na aibu ni ngumu zaidi, maana hasira ina la kusema. Ningeanzaje? Habari za mguu? Kila siku nilisema kesho. Wiki zikawa miezi. Mashine ikafunikwa shuka, na ghuba hakuna aliyeipima tena, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuiweza. Mdogo wangu ananiambia madumu ya dawa ya fedha yanaingia kiwandani kama kawaida na maji yanatoka kama kawaida. Yanayotoka yana nini, hakuna mtu anayejua.

Mwezi wa tano tangu kikao, nikiwa nahesabu mali za stoo, nikakuta bahasha ya kaki chini kabisa ya trei yangu. Nilikumbuka ililetwa na tarishi siku chache baada ya kikao. Niliona mwandiko wa Bi Glavu juu yake, nikaisukuma huko, nikijiambia nitaifungua nikishapata moyo. Ndani kulikuwa na maombi ya chupa kumi na tatu na kasha kubwa zaidi. Kumbe wakubwa walikuwa wamekubali ghuba ipimwe upya, tena na yeye. Nyuma mkuu alikuwa amebana karatasi ya masharti aliyoichapa mwenyewe: kwa siku kumi kabla ya kuchota, mpimaji asiishike dawa ile wala asikae kwenye chumba inamopakwa, kubadili dawa au kuzidisha glavu havitakubaliwa kuwa mbadala. Kisha mstari wa kujaza: mtu atakayemhudumia mgonjwa kwa siku hizo.

Kwenye mstari ule alikuwa ameandika kwa wino: "Mtunza stoo, nitamwomba." Halafu akakata kwa mstari mmoja, kwa rula, kama wanavyokata kosa kwenye daftari la maabara ili lililokatwa lisomeke. Mbele yake akaandika: "Hakuna."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo. Siku kumi. Kuosha mguu wa bibi mmoja siku kumi, kazi ya nusu saa, na nyumba yangu iko vituo viwili vya basi kutoka kwake. Bahari nzima ile ilikosa kupimwa kwa sababu mimi nilikuwa nanuna. Nililia kwa sauti, na mwenye kalamu zake akaja dirishani, akaniona, akaondoka bila kalamu.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilikuwa napanda zile ngazi zisizo na taa, naushika ukuta. Nilikuwa nimeleta bandeji mpya na beseni. Nikagonga.

"Nani? Kuna nini?" Sauti yake ilikuwa na hofu. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni mimi wa stoo."

Akafungua. Alikuwa amekonda. Alitazama uso wangu, akatazama beseni.

"Nimeiona ile karatasi," nikasema. "Jana. Dada, nisamehe, nimeiona jana. Nimekuja kumfunga Mama mguu. Siku kumi, siku mia, zozote unazotaka."

Nyuma yake bibi alikuwa amekaa kitandani akinywa uji, miguu yote miwili chini, na miguu yote miwili ilikuwa mitupu. Juu ya kifundo palikuwa na kovu la rangi ya waridi, limekauka.

"Umepona," Bi Glavu akasema. "Mwezi wa tatu huu. Dawa nilishairudisha, nyumba nimeisugua yote, nguo nimezitupa. Nilipima na chupa, siku moja mkuu hayupo. Ikatoka safi."

"Miezi mitatu? Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani?" akauliza. Akasimama pale mlangoni na mkono kwenye kitasa, akisubiri nimtajie.